Kurudi Nyeri na Begi Mgongoni

Safari ya kutalii Nyeri ilikuwa ya mume wangu, na mimi sikuipenda tangu alipoitaja. Nyeri si mji wa kutalii. Ni mji wa kuzaliwa, kusomea, kugombania mashamba mahakamani na kuzikwa. Mtalii mwenye akili zake hupita tu, akanunua maji ya kunywa, akaendelea mlimani au mbugani. Lakini mume wangu ni mtu wa Voi, amekulia kwenye joto na vumbi jekundu, na akiona ukungu juu ya kilima husahau umri wake. Alikuwa amesoma kwenye simu habari za mji wa vilima wenye historia: kanisa la mawe, makaburi ya wazungu, mapango ya wapiganaji wa msituni, na kilima ambacho mtu hukipanda asubuhi akashuka kula chakula cha mchana. Akanunua mabegi mawili makubwa ya mgongoni, yale yenye mikanda ya kifuani na kiunoni, akayaegemeza kwenye kochi letu Nairobi na kuyatazama kama mtu aliyenunua ng'ombe wa maziwa.

Nilimwambia kwetu mtu mzima hatembei na begi mgongoni bila sababu, na mwanamke aliyeolewa ndiyo kabisa. Mwanamke akionekana Nyeri na begi kubwa, hakuna anayemwuliza anakwenda wapi. Watu wanajua: ndoa imemshinda, anarudi kwa mama yake. Mume wangu akasema hilo haliwezekani, kwa sababu yeye mwenyewe atakuwa hapo hapo, na mwanamke hawezi kumkimbia mume huku wamefuatana njia moja. Kwa mtu wa Voi hiyo ni hoja nzuri. Niliikubali kwa kuwa nilikuwa nimechoka kubishana, na pia kwa kuwa nilikuwa na hasira na mji ule na nilitaka kuupita kifua mbele, mchana kweupe, na mtu niliyemchagua.

Hasira yenyewe asili yake ni mama yangu. Mama ni mjane, anaishi karibu na soko la Gakindu, upande wa Mukurweini, kwenye shamba la kahawa ambalo analipalilia mwenyewe na magoti yake mabovu. Ameokoka zamani sana. Mila zote alizitupa pamoja na vibuyu vya pombe vya babu, isipokuwa moja tu, ile ya heshima kati ya mama na mkwe wake. Mume wa dada yangu mkubwa akija pale nyumbani, mama hufunika kichwa, humsalimia bila kumtazama, na chakula hupelekewa na mtu mwingine. Hawezi hata kupita karibu na kamba iliyoanikwa shati lake. Ukimwambia hayo ni mambo ya kale, anakujibu kwamba haya hayajapitwa na wakati.

Mume wangu alipokuja kujulishwa, miaka minne kabla ya safari hii, alikuja na baba yake na ami yake, wazee wawili waliovaa makoti ya kanisani, waliosafiri kutoka Voi na kulala njiani. Walinunua mbuzi wawili na kukodi pikapu ya kuwaleta. Mama hakufungua lango. Alisimama ndani, kichwa wazi, akamtazama mume wangu usoni moja kwa moja, namna anavyomtazama mtu aliyekuja kuuza dawa ya panya, na hapo nikajua yote. Akasema kwa Kiswahili kwamba hapo hakuna msichana wa kuolewa, warudi salama. Kosa la mume wangu lilikuwa moja: si wetu. Wazee waligeuza pikapu. Walirudi na mbuzi wao hadi Sagana, na pale njiapanda wakawauza kwa mtu wa kwanza aliyewatupia jicho, kwa sababu huwezi kurudi Voi na mbuzi waliokataliwa.

Mimi nilibaki langoni. Mama aliniambia, "Siku utachoka na huyo, rudi na begi yako. Mlango iko wazi. Lakini yeye asikanyage hapa."

Tangu siku hiyo hakunisemesha tena kwa Kikuyu. Akipiga simu, mara chache, hunisemesha Kiswahili chake cha sokoni, ati nisije nikasahau lugha ya bwana wangu. Naye baba mkwe, mtu mpole asiyejua kugombana, alisema neno moja tu. Alisema yeye hapigi hodi mara mbili kwenye lango moja; atarudi siku atakayoitwa. Tulioana kwa msajili, tukala wali na kuku hotelini, na kila Krismasi tunayokwenda Voi mzee hunisalimia vizuri na hanipeleki kwa majirani. Sijaletwa kwake na watu wangu. Kwa mzee yule mimi ni mgeni anayelala chumba cha mwanawe. Hilo ndilo lililokuwa likinikera kuliko yote, na ndilo ambalo mama peke yake angeweza kuliondoa kwa neno moja, na neno hilo alikuwa amelikalia kama kuku wa mayai.

Basi tukaenda. Tulipanda treni ya kwenda Nanyuki, kwa sababu mume wangu anasema treni ndiyo njia ya kuona nchi. Ilisimama Sagana kwa muda mrefu. Alichungulia dirishani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Hapa ndipo waliposhushwa wale mbuzi." Huwa hakasiriki kwa niaba yake mwenyewe, kazi hiyo ameniachia mimi.

Tulishuka Kiganjo, na kutoka pale akataka twende mjini kwa miguu. Vijana wa bodaboda walitufuata na pikipiki zao polepole, wakidhani tunapatana bei kwa kiburi. Tulipowaambia tunapenda kutembea, mmoja aliudhika kabisa. "Mnatembea aje na pesa mko nayo?" aliuliza. Hilo ndilo swali nililokuwa nikijiuliza tangu daraja la kwanza. Mkanda wa begi ulikuwa ukinikata bega. Tulikuwa tumegawana mizigo hivi: yeye abebe hema ambalo hatukulitumia hata siku moja, jiko la gesi, sufuria na maji, mimi nibebe nguo zetu wote wawili. Nakumbuka mgawanyo huo vizuri kwa sababu ndio ulioniletea yote yaliyofuata.

Mjini mume wangu alianza kupiga picha. Alipiga picha paa, akapiga picha mti, akapiga picha mteremko wa barabara, akawa ameniacha nyuma mbali, na kwa hiyo hoja yake nzuri ya kufuatana ikafia njiani. Nilikuwa napandisha karibu na soko peke yangu, nimeinama, jasho linanitoka, begi limenipita kichwa. Mwanamke mmoja anayeuza maparachichi aliniita. Namfahamu: huimba kanisani na mama, na shemeji yake ana shamba linalopakana na letu. Alinitazama kuanzia viatu hadi juu ya begi. Hakuuliza kitu. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akachagua maparachichi mazuri, akayatia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, na nilipotoa pesa akazikataa. Mwanamke wa soko la Nyeri kakataa pesa. Ningekuwa na akili sawasawa siku hiyo ningejua pale pale kwamba nimekwisha.

Hoteli tuliyolala ilikuwa kando ya barabara ya kuteremka mtoni. Msichana wa mapokezi alituangalia, akayaangalia mabegi, akauliza kama tunataka chumba cha kulala au cha saa. Mume wangu, ambaye maneno mengine humpita, alimjibu kwa adabu kwamba tunataka cha kulala, chenye dirisha la kuona mlima. Msichana akasema mlima hauonekani. Na ni kweli, haukuonekana siku zote tulizokaa. Ulijifunika na kutuacha na baridi yake.

Asubuhi tukapanda Kilima cha Nyeri. Sitasema kilikuwa kibaya. Njia ilikuwa na utelezi, miti ilikuwa ikidondosha maji shingoni, na chini mji ulikuwa ukionekana vipande vipande kila ukungu ulipopasuka: mabati, misalaba, mashamba ya chai mbali huko. Kilichoniudhi ni kusomewa. Mume wangu alisimama kila baada ya mwendo mfupi akanisomea kutoka kwenye simu historia ya mahali nilipozaliwa. Alinisomea habari za msitu, habari za mapango, habari za mashujaa waliolala humo na wanawake waliowapelekea chakula, kisha akaniuliza kwa macho ya kung'aa kama babu yangu naye alikuwa pangoni.

Nilimwambia babu yangu alikuwa na bunduki aliyopewa na mzungu na alikuwa akiwalinda wanawake kijijini wasipeleke chakula hicho. Nikamwambia upande wa babu hauna sanamu. Nikamwambia pia kwamba nusu ya watu anaowapiga picha huko chini ni wajukuu wa upande ule ule, na wanajuana, na ndiyo sababu katika mji huu watu hutazamana sana na kuulizana kidogo. Alizima simu akaiweka mfukoni. Alisema angependa nimwambie mambo kama hayo bila kumpigia kelele. Nikamwambia angependa mengi. Tulikaa juu ya mawe mawili tofauti, tukala maparachichi ya yule mwanamke kwa chumvi.

Hapo simu yangu ikalia, na alikuwa mama.

Alinisemesha kwa Kikuyu. Aliniita jina la utotoni ambalo sikuwa nimelisikia tangu siku ya lango. Hakuniuliza niko wapi wala kwa nini. Aliniambia tu kwamba nisiogope, nisilale hotelini kama mtu asiye na kwao, kitanda changu amekitandika, ameazima godoro jipya kwa jirani, njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, ziko jikoni. Alisema mtu kukosea si kufa. Sauti yake ilikuwa laini, ya furaha iliyofichwa kidogo kwa ajili ya heshima yangu. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli na sikuweza kupata pa kuanzia. Nikasema nakuja.

Mume wangu alisikia furaha hiyo kwenye simu ingawa hajui Kikuyu. Akaniuliza kuna nini. Nilipomweleza, alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Alitaka twende wote wawili, tusimame langoni, aseme mwenyewe kwamba hakuna aliyemwacha mwenzake. Nikamwambia hataniaibisha mara ya pili kwenye lango lile. Akasema yeye ndiye aliyeaibishwa, si mimi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilisema. Tuligombana kuteremka kilima chote, yeye mbele, mimi nyuma, na mwishowe tukapatana kwa hasira: angenisubiri sokoni Gakindu, mimi ningeingia, ningesema maneno mawili, ningetoka.

"Na kama maneno mawili yatakushinda?" aliuliza.

Tulichukua mabegi hotelini, tukapanda matatu. Tuliposhuka Gakindu alikaa kwenye benchi la duka la pembejeo za shamba, begi lake katikati ya miguu, na watu wakaanza kumzunguka kwa macho. Nilimwacha hapo. Nilijisikia vibaya, na kwa kuwa nilijisikia vibaya nilimkasirikia zaidi.

Begi langu lilikuwa mgongoni. Ningeweza kumwachia, nilisahau kabisa, kwa mazoea ya siku mbili. Nilikumbuka nilipokuwa nimekwisha kukaribia lango la kijani na mama amesimama nje yake, barabarani, ananisubiri. Hakunikumbatia, si mtu wa kukumbatia. Alilishusha begi mgongoni mwangu kwa mikono yake mwenyewe, akalibeba yeye, na magoti yale, akatangulia ndani. Alikuwa akizungumza Kikuyu tu: mvua, bei ya makadamia, ng'ombe aliyezaa. Nilikuwa nimepanga kumwambia langoni. Kisha nikasema nitamwambia nikikaa. Kisha akanipa chai ya maziwa mengi na sahani ya njahi na ndizi, akaniangalia nikila, na nikala. Ni nani anayekatiza kitu kama hicho? Nilikuwa nimeishi bila mama miaka minne na alikuwa hapo mbele yangu, ananitolea ganda la maharagwe kwenye mkono wa sweta.

Alitoka nje. Nilisikia maji yakimwagwa kwenye karai, nikadhani ni ya ng'ombe. Baadaye nikasikia mlio wa nguo zikisuguliwa, ule mlio wake wa haraka haraka ninaoujua tangu utotoni, nikaacha kijiko. Kwetu msichana akirudi, mama humfulia nguo zote siku hiyo hiyo, vumbi la nyumba ile lisiingie kwenye kabati. Nilitoka nje mbio.

Alikuwa amemwaga begi lote kwenye karai kubwa. Nilikuwa nimefunga nguo zetu zote kwenye leso moja, chafu na safi pamoja, na zote zilikuwa kwenye povu. Suruali za jinzi alikuwa amezipita bila kujua, siku hizi jinzi hazina mume wala mke. Sweta alizipita. Nilipofika alikuwa ameinua kitu cha buluu kutoka kwenye maji, amekikamata kwa vidole vyote kumi, anakitazama. Ilikuwa boksa ya mume wangu.

"Hii ni ya nani?" aliuliza. Kwa Kiswahili.

Basi nikasema. Nikasema ni ya mume wangu, kwamba hatujaachana, kwamba tulikuja kutembea tu, na kwamba yuko Gakindu sokoni ananisubiri. Maneno yaliyonishinda langoni yalitoka yote mara moja, na nilikuwa nikisema kwa ukali, kana kwamba ni yeye aliyenidanganya.

"Mnatembea," mama alisema. "Na begi."

"Watu hutembea na begi, mama."

"Watu gani?"

Aliiacha boksa ikaanguka kwenye karai. Alijitazama mikono yenye povu, akaipeleka mbali na mwili wake, hakuifuta kwenye aproni. Nilimsubiri apige kelele. Nilikuwa tayari, nilikuwa na majibu ya miaka minne yamepangana mdomoni. Lakini alisema taratibu, na midomo yake ilikuwa ikitetemeka.

"Umefanya nioshe nguo ya ndani ya mukwe wangu. Mimi. Na hii mikono."

Mama yangu amefua nguo za wagonjwa. Amefua nguo za wachuma kahawa waliolala kwetu msimu wa mavuno, wanaume asiowajua majina, akaanika bila kuona aibu hata kidogo. Nguo ya mwanamume wa nje ni nguo tu. Aibu iliyokuwa ikimtetemesha ni aibu ya mtu mmoja peke yake duniani, na mtu huyo alikuwa amekwisha kumtaja. Nafikiri naye alisikia alichosema. Hakukifuta. Alikasirika zaidi badala yake.

Alisema hakuna kitu cha huyo mtu kitakachokauka kwenye kamba yake. Alisema nizitoe zote, niondoke nazo. Alisema nimemdanganya mbele ya kanisa zima, kwa sababu alikwisha kuwaambia akina mama wamshukuru Mungu pamoja naye, na Jumapili wangekuja na unga na sukari. Nilimwambia aliyemshukuru Mungu kwa ndoa ya mtoto wake kuvunjika ajieleze mwenyewe. Nilisema hivyo, na sijutii.

Kwa hiyo tukakamua. Nguo za mume wangu nilizikamua mimi, yeye akiwa amegeuka upande wa zizi. Lakini jinzi zangu na blanketi la safari vilikuwa vimeshiba maji, na blanketi haliwezi kukamuliwa na mtu mmoja. Alirudi bila kuitwa, akashika ncha yake, mimi nikashika yangu, tukasokota, yeye huku na mimi kule, kwa nguvu zetu zote. Hatukuangaliana. Maji yalikuwa yakimwagika miguuni mwetu na magoti yake yalikuwa yakilia. Nilikuwa nikimvuta na yeye akinivuta, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulegeza.

"Ulimrudisha mzee wa watu hapa langoni," nilimwambia.

"Nilirudisha."

"Mbuzi wake waliuzwa Sagana. Barabarani."

"Sasa atanunua ingine."

Nilidhani sikuelewa. Alisokota tena, akakaza.

"Hiyo kitu nimeshika haiishi na sabuni," alisema. "Inaisha na mbuzi. Mwambie alete mbuzi. Na asikuje peke yake kama mtu ya kuuza viatu. Mbuzi ya aibu hailetwi na mtu mmoja. Akuje na baba yake."

Nilimwuliza kama anajua anachosema. Akaniambia nisimfundishe, yeye alikuwa anajua mambo ya mbuzi kabla sijazaliwa. Nikamwuliza kama lango litafunguliwa safari hii. Alilichukua blanketi, akalikunja lilivyo, na maji yake, akalisukuma ndani ya begi, akafunga mikanda yote, ya kifuani na ya kiunoni, kwa hasira na kwa ustadi kana kwamba amekuwa akifunga mabegi kama hayo maisha yake yote.

Hakunibebea. Nililiinua mwenyewe, zito mara mbili ya lilivyokuja, na maji yakaanza kunishuka kiunoni. Nilipofika langoni niligeuka. Mama alikuwa amesimama karibu na karai. Alinionyesha kwa kidevu upande wa sokoni.

"Amekaa wapi huyo?" aliuliza.

Nikasema, kwenye benchi la duka la pembejeo. Kutoka pale nyumbani duka hilo halionekani. Kuna mashamba matatu katikati, na mti mkubwa wa makadamia. Hata hivyo mama alivuta kitambaa chake kilichokuwa shingoni, akafunika kichwa.

Niliteremka Gakindu nikidondosha maji barabarani. Mwanamke yeyote aliyekuwa akinitazama siku hiyo aliona mtu aliyeingia kwao na begi na akatoka na begi kabla jua halijazama, na sijui walijielezea vipi. Sikumsalimia mtu. Nilikuwa na hasira na mama, na hasira hiyo ninayo mpaka leo ninapoandika. Mtu aliyefunga neno kwa miaka minne akalitoa kwa sababu ya boksa hana haki ya kushukuriwa.

Mume wangu alisimama aliponiona. Alilishika begi kwa chini ili kunipunguzia uzito, akaona maji mkononi mwake, akaniuliza kama limetumbukia mtoni. Nilikaa kwenye benchi nikamweleza yote, kwa mpangilio, chai, karai, ile nguo ya buluu. Nilipofika hapo alifunika uso kwa mikono kwa aibu yake mwenyewe, maana kumbe huko kwao nako ni vivyo hivyo, na hakuwahi kuniambia. Nikamwambia habari ya mbuzi. Akanitaka nirudie. Nikarudia, na habari ya baba yake pia, maneno yale yale, kwa Kiswahili kile kile cha mama.

Nilimwonya asijitie matumaini. Nilimwambia ni faini, si harusi. Tumetozwa kama watu waliofungua ng'ombe kwenye shamba la mtu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akatoa simu, akatembea mpaka pembeni mwa barabara ambako mtandao unashika vizuri, akasubiri, na nikamsikia akisema kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia mbele yangu.

"Baba," alisema, "tumeitwa."